Gramu Sitini za Mkate

Msinieleze mimi habari za baraza la mawaziri. Mimi ni karani wa ofisi ya takwimu, nimewachapia karatasi zao miaka kumi na miwili, na nawaambia wazi: serikali nzima ilikuwa inamtegemea mwanamke mmoja mwenye kikapu na mizani ya jikoni. Tulimwita Mama Gramu.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani kila wiki kuandika bei. Wenzake waliandika bei ya pakiti wakaenda zao. Yeye ananunua, anapima, ndipo anaandika. Mizani alijinunulia mwenyewe. Ofisi ilimpiga danadana miaka mitatu mpaka akachoka. Wenye maduka wakimwona tu wanaguna: "Haya, mkaguzi wa makombo huyo!" Naye huwajibu, "Makombo si ndiyo mnayotuuzia?"

Mfumuko wa bei ulipotufika shingoni, kamati ya mawaziri ikawa inakutana kila Alhamisi. Kilimo wanasema tatizo ni mafuta. Uchukuzi wanasema ni kodi. Fedha wanasema hawagusi tozo ya ngano mpaka takwimu zionyeshe mkate umepanda. Kutupiana mpira tu! Na takwimu zenyewe zilitoka chumbani kwetu.

Jumatano moja mkurugenzi wetu akashuka na fomu mkononi.

"Mama, umeandika mkate umepanda. Bei si ileile?"

"Bei ileile, mkate siyo. Ulikuwa gramu mia nne, sasa mia tatu na arobaini. Wametupunja sitini."

"Andika haujapanda. Wakubwa hawataki presha sasa hivi."

"Basi waandike wao."

Mkurugenzi akatabasamu lile tabasamu lake la baridi. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Uko mezani kwangu, unasubiri saini."

Jamani, moyo ulinilipuka. Miaka kumi na tisa ya mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na mama mzazi wa Mama Gramu yuko nyumbani anaishi kwa dawa! Mama Gramu akaniangalia, labda nitasema neno. Nikajifanya natafuta stepla. Aibu ile ninayo hadi leo.

"Saini ni yako, bosi," akasema. "Gramu ni zangu." Akamchomoa fomu mkononi, akaitia sahihi, akaipeleka masjala mwenyewe.

Kesho yake kamati ikaona namba, ikamwita ajieleze. Nilikwenda naye kuandika kumbukumbu za kikao.

Waziri wa Biashara akacheka. "Si ulikutana na mkate mmoja mbovu tu, mama?"

Mama Gramu akaenda moja kwa moja kwenye meza ya chai ya waheshimiwa, akachukua mkate ambao haujafunguliwa, akauweka kwenye mizani aliyokuja nayo kikapuni. Mia tatu thelathini na nane.

"Hata nyinyi mnapunjwa, waheshimiwa."

Mwenyekiti akafunga mlango akasema hatoki mtu mpaka waelewane. Kufika jioni tozo ya ngano imesimamishwa, na Biashara wamepewa wiki mbili kuhakikisha kila mkate unaandikwa uzito wake. Mambo yaliyowashinda miezi mitano!

Mkataba haukusainiwa. Mama Gramu akaifunga mizani yake kwenye kitambaa, akaniambia niache kulia kama nimefiwa, akaondoka kichwa juu.

Mwezi uliofuata mkurugenzi akanirushia fomu ya mkusanyaji mpya wa bei. Unga: haujapanda. Mkate: haujapanda. Sabuni: haijapanda. Pakiti zenyewe zilikuwa zimerundikwa pale pembeni, hazijapimwa.

"Chapa haraka, kamati inasubiri."

Mkataba wangu nao uko mezani kwake. Anajua, najua. Nikafungua droo, nikatoa mizani niliyonunua kwa mshahara wangu, nikaiweka juu ya fomu yake.

"Nipe huo unga, bosi."