Redio Haina Midomo

Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa na mdomo mkubwa, na nasema hivyo kwa kumsifu. Shule yetu ilikuwa Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, na kutwa nzima mafundi walikuwa wakigonga mabati huku malori ya sokoni yakipiga honi. Ili tumsikie, ilimbidi apaze sauti na kupanua kinywa, neno moja moja. Jirani yangu wa dawati aliponea kwenye kinywa hicho. Alikuwa hasikii. Surua ilimpata akiwa mdogo, ikamwachia kusikia ngoma na radi tu. Maneno aliyasoma kwenye midomo ya watu. Pale shuleni nilijua mimi peke yangu. Mama yake, aliyeuza bamia sokoni, alimkataza kusema, akihofia kwamba wangemtoa shule.

Kila muhula alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Bora kuwa wa mwisho. Wa mwisho huchekwa mpaka akazoea, lakini wa pili kila siku anatazama kisogo cha mtu yule yule. Tena miaka ile ya foleni za sukari nafasi za sekondari ya serikali zilikuwa za kugombaniwa. Mwaka uliotangulia, shuleni kwetu alichaguliwa msichana mmoja tu. Mimi hesabu hiyo niliijua vizuri kuliko hesabu zote za ubaoni.

Ndipo ikaja redio. Walimu walikuwa wachache, tukaambiwa kwamba sasa mwalimu mmoja hodari atawafundisha watoto wa nchi nzima kwa wakati mmoja. Iliwekwa mezani, sanduku la mbao lenye kitambaa kwa mbele, na mwalimu wetu akahamia dirishani na gazeti lake. Redio ilisoma somo, ikauliza swali, ikanyamaza kidogo. Katika ukimya huo mwalimu alimnyooshea mtu fimbo, naye alisimama akajibu. Kisha redio ilisema, "Vizuri sana!" Ilisema hivyo hata kama umejibu upuuzi, maana haikuwa na masikio. Kwa hiyo ukikosea ulisifiwa na redio huku mwalimu akikuchapa. Tulicheka sana, wale ambao zamu yetu ilikuwa haijafika.

Redio haikuwa na midomo pia. Wiki ya kwanza jirani yangu alichapwa kila siku. Mwalimu alidhani amekuwa mvivu. Siku ya Ijumaa jirani yangu alinivuta mpaka kwenye bomba la maji.

"Shoga yangu, nisaidie," alisema. "Niambie hilo sanduku linasema nini."

Nikakubali, na nilijiona mtu mwema kweli. Redio ikiuliza, mimi niligeuza uso na kurudia swali kwa midomo bila sauti, naye alidaka upesi kuliko mwanafunzi yeyote mwenye masikio yake mazima. Hazikupita hata wiki tatu akawa wa kwanza tena. Alinipita kwa kutumia midomo yangu mwenyewe! Hilo lilinikereketa.

Mkaguzi akaja kutazama jinsi redio ilivyoinua masomo. Somo la siku ile lilikuwa siasa. Redio ikauliza, "Ni nani anayeongoza kijiji cha ujamaa?" Mwalimu, akitaka kuringa na mwanafunzi wake bora, alimnyooshea fimbo jirani yangu. Yeye alinigeukia mimi.

Sitasingizia utoto. Swali langu nililitunga papo hapo, na nililitunga vizuri, maana wiki ile tulikuwa tumesoma kilimo na nilijua atajibu nini. Nilimwambia kwa midomo, polepole: ni nani anayeharibu mazao ya kijiji?

Akasimama. Sauti yake ilikuwa kubwa daima, kwa kuwa hakuisikia.

"Ni nguruwe, mwalimu!"

"Vizuri sana!" ikasema redio. "Sasa tuendelee."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alifunga daftari lake.

"Ndugu mwalimu, maneno haya mtoto anayatoa wapi?"

"Si kwangu, ndugu mkaguzi. Wallahi si kwangu."

Hofu ilimfanya mwalimu achape kama anayeua nyoka. Alimgeuza uso ukutani, akawa anamuuliza kwa nyuma, "Nani kakufundisha? Sema, nani?" Yeye alikuwa anatazama ukuta. Hakujua kama kuna swali. Hakujibu, na kila alipokaa kimya mwalimu aliona ni kiburi, akaongeza. Neno la kumwokoa lilikuwa moja tu, hasikii, na nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza. Nilijua yeye hawezi kulisema, na mimi nilikuwa nahesabu fimbo.

Enzi hizo tabia nayo ilikuwa na alama zake katika uteuzi. Kwenye ripoti ya jirani yangu mwalimu aliandika kwamba tabia yake ni mbaya na haifai. Juma lililofuata shoga yangu alinifuata tena bombani. Nilijiandaa kutukanwa.

"Siku ile nilikusoma vibaya, sivyo?" aliniuliza. "Ulisema kingine, mimi nikaona kingine."

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, na hakukuwa na mkaguzi wala fimbo.

"Ulisoma vibaya," nilimjibu. "Mimi nilisema kama redio ilivyosema."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi na macho yangu nayo yameharibika."

Tangu siku ile hakunitazama tena mdomo. Baadaye akaacha kumtazama mwalimu pia, hata redio ikiwa imezimwa. Alikaa akitazama dawati, na kwenye mtihani wa mwisho wa muhula alikuwa wa thelathini na kitu. Sekondari nilichaguliwa mimi. Mama yangu alipika pilau, akaalika mtaa mzima.

Niliporudi likizo ya kwanza nilitumwa sokoni kununua bamia. Nilimkuta yeye peke yake kwenye meza ya mama yake. Mabweni yalikuwa yamenifundisha kulala macho wazi, na nilikuwa nimeamua kwamba nikimwona nitamwambia. Nikasimama mbele yake, nikapanua midomo, nikasema polepole, "Nilikudanganya. Ulinisoma sawasawa."

Alikuwa ameinamia bamia zake, anazipanga mafungu. Hakuinua uso. Aliona tu miguu ya mteja, akaninyooshea kidole kimoja, yaani shilingi moja fungu. Nikarudia kwa sauti kubwa mpaka wauzaji wa meza za jirani wakageuka. Yeye alizidi kuninyooshea kidole kile kile, na nyuma yangu mama mmoja mwenye kikapu akasema, "We binti, nunua au tupishe."

Nikanunua.