Jaketi la Kukalia

Kila Jumatano Borghild alivuka ziwa kwa mtumbwi wake mwembamba, akipiga kasia kwenda kwa dada yake Astri, aliyeishi peke yake ng'ambo. Basi halikufika huko.

Juni ile binti yake Sunniva alikuja kutoka mjini. Akasimama gatini, akalibonyeza jaketi la kuelea la mama yake kwa vidole viwili.

"Mama, hili limekuwa bapa kama mkate wa kusukuma. Sponji iliyobanwa haiinui mtu."

"Limenibeba miaka kumi na tisa."

"Limekubeba, au umelikalia?"

Katikati ya ziwa kuna kisiwa cha mawe, na Borghild hakupita hapo bila kushuka kunywa kahawa. Jiwe ni baridi, jaketi ni laini. Watu wa ziwa zima walikalia majaketi yao, na hakuna aliyeona kosa.

"Sheria inasema nivae, nami navaa," akasema.

"Basi ingia nalo majini. Kidevu kikibaki juu, sisemi tena. Kikizama, huvuki. Nitauza huu mtumbwi, Mama, sitanii."

Borghild akashuka ngazi ya gati na nguo zake za sufu. Alipoachia mikono, jaketi likapanda hadi masikioni, yeye akashuka hadi puani. Akaikamata ngazi, akitema maji.

Mchana ule ule wakaenda dukani kwa Jostein.

"Mama Borghild, una kilo ngapi?"

Nyuma ya Borghild alisimama jirani, Kåre, ameshika pakiti ya ndoana, masikio wazi.

"Sitini na mbili."

Jostein akamletea jaketi la watu wa kilo hizo. Mikanda haikukutana. Sunniva akatazama dari. Borghild akamwona Astri moyoni, dirishani, na vikombe viwili mezani.

"Themanini na moja," akasema kwa nguvu.

"Loo!" Kåre akaguna. "Mtumbwi unajua?"

"Wewe lipia ndoana zako, Kåre. Samaki wanakungoja wakucheke."

Jostein akacheka, akaleta jingine, fupi kiunoni ili lisimsumbue akikaa, pana kwapani mikono izunguke. Akasoma lebo, akakaza mikanda, akalishika mabegani na kulivuta juu. Halikupanda. Jioni, gatini, Borghild akaachia ngazi tena, kidevu kikabaki juu kabisa. Sunniva akashika kasia, akampa mama yake.

Jumatano akashuka kisiwani kama kawaida. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkanda, akaurudisha. Akakaa juu ya jiwe tupu lenye umande, kahawa akainywa haraka haraka.

Astri alimpokea mlangoni, akamzunguka nyuma.

"Mdogo wangu, umejikojolea?"

"Nimekalia jiwe."

"Na jaketi?"

"La kuvaa hilo. Nipishe nipate kiti."