Mashahidi Wawili wa Babu

Enzi za mkoloni, benchi la barazani kwa bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, lilikuwa la Wazungu. Mwafrika alisimama juani. Babu yangu akaja na wenzake kutoka Ujiji, wakaketi. Wakacharazwa viboko. Kesho yake wakarudi, wakaketi tena. Leo ana mtaa wenye jina lake huku Gungu, na kila mwaka siku ya kumbukumbu yake anafungiwa turubai na spika.

Kwa hiyo karani wa vitambulisho aliponiambia haijulikani kama babu alikuwa raia, nilicheka. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimepata kazi ya uuguzi, na bila kitambulisho hadi Jumatatu, jina langu lingeondolewa.

"Dada, nyinyi si Warundi kweli?" akaniuliza. Ukizaliwa karibu na mpaka, kila ukifungua mdomo unaonekana umevuka jana. Nikamwonyesha picha ya babu, imetundikwa ukutani juu ya kichwa chake mwenyewe. Akageuka, akaitazama kwa heshima zote.

"Huyu tunamuenzi. Ila karatasi hana. Lete mashahidi wawili waliomfahamu, wawe na vitambulisho."

Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya babu, na msemaji wa familia ni mimi. Mgeni rasmi akatangaza kwamba babu alituachia usawa, kazi yetu ni kuutunza tu. Makofi. Zamu yangu ilipofika nikaiacha hotuba, nikaomba wanaomfahamu babu wanyooshe mikono. Uwanja mzima ukanyoosha. Nikatoa fomu ya mashahidi, nikasema nahitaji wawili tu wa kutia sahihi. Mikono ikashuka. Mgeni rasmi akakumbuka simu yake. Karani wangu, mstari wa pili, akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa makubazi.

Wakaja wazee wawili: bibi mmoja anayeanika dagaa Bangwe, na seremala wa Ujiji. Utotoni walikuwa wakimpelekea babu maji pale benchini. Nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema.

Jumatatu asubuhi nikawapandisha bajaji mpaka ofisini. Karani akawaamkia vizuri, akawapa viti, kisha akawaomba vitambulisho vyao.

"Hatuna, mwanangu," bibi akasema. "Tuliomba zamani, nasi tukaambiwa tulete shahidi aliye raia. Tukamtaja babu yake huyu."

Saa nane mchana nikapigiwa simu kwamba nafasi yangu amepewa mwingine.