Siku Praxeda Aliporudi Chumbageni

Sabra wa Chumbageni, Tanga, alifanya kazi ambayo mama yake, Mungu amrehemu, aliingia kaburini bila kuielewa: kutembeza watu kwenye mitaa ambayo wangeweza kuitembea wenyewe. Wageni walitoka Dodoma, walitoka Ujerumani, wengine walikuwa watoto wa Tanga waliozaliwa Dar es Salaam. Aliwatafutia baiskeli, akakaza ushungi wake, akatangulia mbele.

Walianza kwa Bi Hasina, kula mbaazi za nazi na maandazi ya moto. Kisha kanisa kuu, kisha msikiti, kisha hekalu la Wahindi, ambako mlinzi aliwaacha wavue viatu na kuchungulia ndani. Palikuwa na duka la Mhindi mmoja mzee wa Kibohora aliyeuza misumari na halua kwenye kaunta moja. Palikuwa na barabara za Ngamiani, ambako kwenye genge moja la nyanya ungesikia Kidigo, Kibondei na Kishambaa kabla hujarudishiwa chenji.

Lakini wageni walizipenda zaidi hadithi zake, na kila hadithi ilikuwa na Praxeda ndani. "Hapa mimi na Praxeda tulianguka na baiskeli ya baba." "Kwenye ngazi hizi nilikuwa namngoja Praxeda atoke misa, na yeye alikuwa akiningoja nje ya madrasa." Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza kama huyo Praxeda alikuwa pacha wake.

Praxeda alikuwa binti wa mkata mkonge aliyetoka Kigoma. Familia yao ilipanga vyumba vya uani kwa baba yake Sabra, mzee Sabiri. Shamba la mkonge lilipofungwa, wakahamia Maramba kulima. Wasichana wale walikuwa ndiyo kwanza wanavunja ungo. Baadaye Praxeda akawa sista, na shirika lake likampeleka Msumbiji. Miaka ikapita, urafiki ukabaki wa simu: Idi anapiga Praxeda, Krismasi anapiga Sabra.

Kisha, wiki chache baada ya Pasaka, simu ikaja bila sikukuu.

"Shoga, nimepewa likizo. Jumamosi napita Tanga, jioni naendelea Maramba kwa kaka Mathew. Nitembeze kama unavyotembeza wageni wako."

Sabra hakulala vizuri wiki ile. Alipita njia nzima peke yake, akichagua wapi waanzie, wapi wapumzike, wapi anyamaze ili Praxeda aseme mwenyewe.

Jumamosi akashuka kwenye basi mwanamke mnene, kanzu ya kijivu, miwani, kicheko kilekile. Walikumbatiana mpaka watu wakawapisha. Praxeda alipanda baiskeli bila kusita, akaikunja kanzu yake kwa ustadi.

"Kule naendesha pikipiki, dada," alisema. "Hii ni mchezo."

Kwa Bi Hasina aliinama kwa adabu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule wa uani kwa mzee Sabiri?"

"Ndiye mimi."

Sabra akafurahi. Lakini furaha ile haikufika mbali. Kwenye kona walikoanguka na baiskeli Sabra alisimama, akangoja. Praxeda naye akasimama, akatazama kulia na kushoto, akauliza kama kuna gari linakuja. Ngazi za kanisa alizipanda tu, akaingia, akapiga goti, akaomba, akatoka akisifia rangi mpya. Kwa Bohora alinunua halua ya kumpelekea Mathew. Walipofika mahali palipokuwa nyumba ya mzee Sabiri, ambapo sasa pana gesti ya ghorofa yenye vioo vya buluu, Praxeda alipita moja kwa moja.

"Praxeda! Ni hapa."

"Hapa nini?"

"Nyumbani."

Praxeda alirudi, akaitazama gesti kwa muda. "Mimi ningeapa ni mtaa wa pili," akasema.

Sabra akapanda baiskeli, akatangulia. Walikwenda hadi Bustani ya Jamhuri, wakanunua madafu, wakaketi. Chini yao bahari ilikuwa imetulia. Mwishowe Sabra akashindwa kujizuia.

"Mwenzio kila siku naupita mtaa huu nikikutaja. Watu wasiokujua wanakujua. Wewe hukumbuki hata mlango?"

Praxeda aliweka dafu chini.

"Mlango ule, Sabra, nilikuwa nautazama usiku nikiomba baba asirudi amelewa. Wewe ulikuwa unalala nyumba ya mbele, hukuyasikia makelele yake. Mama alikuwa akituziba midomo tusilie, asije mzee Sabiri akatufukuza." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Nilipofika Maramba niliamua kusahau. Nikasahau kila kitu, na mazuri yakaenda na mabaya. Hata hiyo kona ya baiskeli. Mtaa siukumbuki. Nakukumbuka wewe, ukinipitishia wali dirishani."

Sabra alikumbuka wali. Alidhani ulikuwa mchezo wa watoto. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa na njaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenitazama vingine."

Sabra aliushika mkono wake, mkono mgumu wa mtu anayelima, na hakuuachia mpaka mwadhini alipoadhini alasiri. Sabra akaenda kuswali, Praxeda akamlindia baiskeli.

Walirudisha baiskeli, wakaenda stendi kwa miguu. "Bakia kesho," Sabra alisema. "Kesho tu."

"Kesho wananingoja tukazuru kaburi la mama. Na Jumatano nasafiri." Praxeda alimshika mashavu. "Wageni wako waambie habari zangu. Nawe unipigie uniambie mimi, maana mimi ndiye nisiyezijua."

Basi likaondoka. Sabra alibaki pale pale, watu wakimpiga vikumbo kwa mizigo. Likaja jingine la Maramba, likajaa taratibu, konda akampigia kelele.

"Mama, Maramba! Imebaki siti moja!"

Mguu wake ulifika kwenye ngazi. Aliiona siti yenyewe, dirishani. Kesho asubuhi wanafunzi kutoka Morogoro wangemngoja kwa Bi Hasina.

"Leo hapana," akasema.

"Basi kesho!"

"Kesho nina wageni, baba."

Konda aligonga ubavu wa basi, likasogea. Sabra alilitazama hadi likapinda, na baada ya hapo akaendelea kuitazama barabara.