Goti la Mabry

Wendell Sobczak hakukaa kitini siku tatu. Viti vya jikoni kwangu navijua, na hakuna hata kimoja alichokipasha moto. Alikuja, akasimama, akatafuna kijiti cha meno, akaondoka. Akarudi. Jumamosi asubuhi nikamwambia, "Wendell, ama ukae ama ushike ufagio. Sakafu yangu unaimaliza bure."

"Siwezi kukaa, Irma."

"Naona. Bawasiri?"

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito, maana mzee huyu hucheka hata mazikoni.

Mimi nimepika katika klabu hii ya Toledo miaka kumi na tisa, na Sobczak nimemkuta. Ana miaka sitini na mmoja. Kazi yake ni kusaka vipaji. Kuanzia Agosti mpaka theluji inapoanguka anaendesha gari lake la kijivu katika vyuo vidogo vya Michigan, Indiana, Kentucky na West Virginia, akitazama vijana wanaocheza mpira wetu, ule wa kofia ngumu na kugongana vifua. Mkewe Loretta alivumilia miaka kumi na minne, kisha akasema hakuolewa na gari, akarudi kwao.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Akifika chuoni haanzi kwa kocha. "Kocha anauza," husema. "Anayefua hauzi kitu." Huanza kwa yule anayefua jezi, kisha mpishi, kisha mlinzi wa geti. Huuliza nani anatupa taulo mbichi sakafuni, nani anarudisha sahani. Hata habari za wale aliowaleta hapa, yeye huja kuniuliza mimi: "Yule mrefu, anasema asante?" Nikimwambia hasemi, hutoa kidaftari akaandika, uso umemshuka kana kwamba nimemtukana mama yake.

Kila Aprili, klabu zote za ligi hukaa siku tatu kuteua vijana wanaomaliza chuo. Huenda kwa zamu, iliyofungwa sana mwaka uliopita ikianza, mizunguko saba. Aliyeteuliwa amepata kazi. Asiyeteuliwa anabaki kukodolea simu macho, akiomba yeyote amwite kwa majaribio. Chumba cha mkutano, ghorofa ya juu ya jiko langu, kina ubao ukuta mzima, na kila kijana ana kadi yake yenye sumaku. Kadi hizo hupanda na kushuka tangu Krismasi.

Halafu kuna stika. Kila msaka vipaji hupewa stika moja nyekundu kwa mwaka. Moja tu. Anaibandika kwenye kadi ya kijana ambaye yuko tayari kupata naye au kukosa naye. Na mikataba ya wasaka vipaji huisha Mei, wiki chache baada ya uteuzi. Kwa hiyo stika ile si pambo.

Mwaka huu ya Sobczak ilikuwa kwenye kadi ya Cordell Mabry, jibaba la kilo mia moja na hamsini kutoka chuo kidogo milimani West Virginia, mmoja wa wale wanaosimama mbele kumkinga mrusha mpira. Kule Indianapolis, ambako madaktari wa klabu zote huwapima vijana wanaojulikana, hakualikwa. Sobczak alimwona kwa sababu gari lake liliharibika karibu na uwanja wao. Alirudi amechanganyikiwa. "Irma, anasogea kama mhudumu wa hotelini aliyebeba trei ya glasi," alisema. Alikwenda kumtazama mara tano.

Meneja mkuu alikuwa mpya, Brant Lindqvist, miaka thelathini na minane, amekuja na vijana wanne wa kompyuta. Januari alimwuliza Sobczak mbele ya watu, "Mzee, stika yako ya miaka mitatu iliyopita iko wapi sasa?"

"Inauza magari Akron."

"Na ya mwaka juzi?"

"Ile iliumia bega."

"Haya," akasema Lindqvist, akafungua ukurasa mwingine. Haya ile kila mtu aliielewa. Mabry asipoingia, Mei mzee anafungasha.

Sasa uongo wenyewe. Wasaka vipaji wa klabu zote hulala nyumba zilezile za wageni za bei poa, hula mayai yaleyale, huazimana petroli, na hudanganyana kama wachumba. Novemba, wenzake wawili waliliona gari la kijivu nje ya chuo cha Mabry. Kwenye kifungua kinywa wakamdodosa. Sobczak akatikisa kichwa, akavuta pumzi kwa huzuni. "Mwili mzuri. Lakini goti la kushoto... mmh. Nasikia kila usiku linalazwa kwenye barafu." Wiki iliyofuata akamlisha mwingine maneno hayohayo kule Kentucky. Aliponisimulia alikuwa anacheka mpaka machozi. Nami nilicheka. Siwezi kujitoa.

Kumbe Ijumaa jioni alipoingia chumbani hakuiona kadi ya Mabry mahali pake. Aliikuta pembeni kabisa, kwenye safu yenye utepe wa buluu, safu ya wagonjwa wasioguswa. Stika yake nyekundu bado iko juu yake. Akamwuliza kijana wa kompyuta kulikoni.

"Goti, mzee. Tumelipata kutoka vyanzo vitatu tofauti."

"Vipi hivyo?"

"Klabu mbili, na mwandishi mmoja wa mtandaoni."

Ndiyo habari aliyokuja nayo jikoni Jumamosi ile, kijiti mdomoni.

"Vyanzo vitatu, Irma. Vyote ni mimi."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Sobczak haikuwa fupi. Ilipita majimbo sita, ikalala nyumba za wageni, ikaandikwa, ikavaa suti, ikarudi Toledo na kupanda ngazi juu ya jiko langu. Na ilipofika hakuna aliyeitambua isipokuwa baba yake.

"Sasa si upande ukawaambie?"

"Ataniamini nani? Lindqvist ataona napigania stika yangu." Akaenda mlangoni, akarudi. "Na akiniamini ndiyo mbaya zaidi. Si sisi tu tuliomweka pembeni. Klabu zote. Huenda angeteuliwa jana. Mimi ndiye niliyemvunja goti yule mtoto, Irma, kwa ulimi."

"Yuko wapi saa hizi?"

"Kwa nyanya yake. Wamekaa sebuleni tangu Alhamisi. Nyanya amealika kanisa zima."

Nilikuwa nakaanga soseji. Nikazima moto wake, supu nikaiacha ichemke. "Wendell, sufuria umeinjika wewe. Unangoja nani aje kuiepua?"

"Unaongea kama Loretta."

"Loretta alikuwa na akili, ndiyo maana hayupo. Shika trei hii. Tunapanda."

Mzunguko wa sita ulikuwa umeanza. Chumbani kulinuka kahawa ya jana na wanaume waliovaa shati siku tatu. Lindqvist alikaa mbele ya ubao na simu yake. Sobczak hakuiweka trei mezani. Alibaki ameishika kama mtoto aliyetumwa.

"Bosi, goti la Mabry ni zima."

Lindqvist hakugeuka. "Mzee, hilo tulilimaliza jana."

"Hamkulimaliza. Goti hilo nimelitunga mimi. Novemba, nikila mayai."

Kijana mmoja wa kompyuta alicheka, kisha akaona amecheka peke yake. Lindqvist akageuza kiti.

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Niliwadanganya wapinzani. Ndiyo kazi."

"Na mimi?"

"Wewe hukuniuliza. Stika yangu iko palepale kwenye kadi, jina langu limeandikwa chini, mkaenda kuwauliza watu watatu wa mbali. Mimi niko chini hapa, nakunywa kahawa ya Irma."

Niliangalia soseji. Sipendi jina langu liitwe kwenye vikao.

"Na leo ndiyo unasema kweli?" akauliza Lindqvist.

"Leo ndiyo."

"Nitajuaje? Hakupimwa. Hana picha ya goti hata moja. Nina neno lako tu, na umeniambia sasa hivi linavyofanya kazi."

Hapo Sobczak akaweka trei chini. Akatoa simu, akabonyeza namba, akaifungulia sauti watu wote wasikie. Alimpigia Virgil Stroud, anayefua jezi na kutunza vifaa katika chuo cha Mabry miaka thelathini sasa. Ikaita sana. Ilipopokelewa, mashine ya kukata majani ilikuwa inanguruma.

"Sema haraka, petroli inaisha."

"Virgil, ni Sobczak. Cordell alikuomba bendeji ya goti mara ngapi?"

"Cordell? Hajawahi kuniomba hata plasta."

"Una hakika?"

"We mzee, umelewa? Mechi arobaini na moja nimemfulia suruali. Arobaini na moja zote zimekuja na matope kwenye magoti yote mawili, sawasawa. Mwenye goti bovu hulikwepesha, matope yanakuja upande mmoja. Kocha haoni, daktari haoni. Anayefua anaona." Mashine ikazimika. "Mbona kimya? Kuna nani hapo?"

"Hakuna mtu, Virgil. Kakate majani."

Lindqvist aliutazama ubao. Mwisho alisimama, akaenda mwenyewe pembeni, akaivuta kadi kutoka chini ya utepe wa buluu na kuibandika mkiani mwa safu ya kawaida. "Mzunguko wa saba," akasema. "Zamu yetu ya mwisho. Kama atakuwepo."

Yaani saa nzima na ushei ya kungoja, na majina zaidi ya arobaini mbele yetu. Kila jina lilipotajwa kwenye televisheni Sobczak alifika dirishani na kurudi. Kijiti kikaisha, akaanza kutafuna kofia ya kalamu. Ikafika zamu ya klabu ambayo msaka vipaji wake alilishwa lile goti kule Kentucky. Nikamwona mzee anafumba macho. Wakachukua mpiga teke. Chini supu yangu ilikuwa inaungua, harufu naipata, na miguu haikutaka kutoka.

Zamu yetu ikafika. Lindqvist akamsukumia Sobczak simu ya mezani. "Mpigie wewe. Sauti iwe wazi."

"Cordell? Sobczak hapa, wa Toledo."

Nyuma kulikuwa na kelele za nyumba iliyojaa watu. "Mzee Sobczak! Nilidhani na wewe umenitupa. Wakala wangu anasema kuna mtu anatangaza goti langu bovu. Unajua ni nani?"

Angeweza kunyamaza. Kijana hakuwa na njia ya kujua, na chumba kizima kingemsaidia kunyamaza.

"Ni mimi, mwanangu."

Tukasikia televisheni yao. Tukasikia bibi mmoja anauliza, "Wanasemaje? Wanasemaje?"

"Kwa nini?" akasema Mabry.

"Ili wengine wasikuone. Nilikutaka mno, nikakuharibia. Hilo sina namna ya kulifuta."

"Bado mnanichukua?"

Sobczak akamtazama Lindqvist. Lindqvist akainamisha kichwa mara moja.

"Tunakuchukua. Jina lako linasomwa sasa hivi."

Nyumba ile ililipuka. Mtu alidondosha kitu cha udongo, bibi akaanza kuimba. Kabla ya kukata, kijana alisema, "Mzee, nitakutafuta." Hakusema kwa hasira wala kwa furaha. Mpaka leo sijui ilikuwa shukrani au ahadi ya ngumi.

Mnangoja niseme hapo Sobczak alikaa. Hakukaa. Alichukua soseji moja kwa mkono, akauliza nani anawapigia walioachwa, akatoka.

Mei ilifika. Lindqvist hakufoka. Alimwita ofisini, akamwambia, "Mzee, jicho lako sina shida nalo. Lakini mtu wangu akiniletea neno, sitaki kuanza kuuliza ni lipi kati ya mawili." Sobczak alishuka na boksi lake, ndani mna kikombe, koti la mvua na vidaftari ishirini na sita.

"Amenifukuza vizuri," akaniambia.

"Unamtetea?"

"Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Ila ningefanya Aprili." Akasimama pale dakika kumi nyingine, akihamisha chumvi na pilipili kutoka huku kwenda kule, kisha akaenda.

Sasa anaishi ng'ambo ya mto na gari lilelile. Ijumaa huenda kutazama mechi za shule za sekondari, na kidaftari, na hakuna aliyemtuma.

Agosti vijana wapya walianza mazoezi. Mabry aliingia jikoni, mlango ukamtosha kwa shida. Alisema asante. Alirudisha sahani. Siku ya tatu akaniuliza, "Mama, mzee Sobczak anakaa ofisi ipi?"

Nikamweleza. Alisimama na sahani yake, taya linacheza.

"Kwa ajili ya ile simu?"

"Kwa ajili ya lile goti. Ulitaka kumpiga?"

"Sijui. Nilitaka kwanza kumwonyesha kitu."

"Nini?"

Akanipa sahani nishike. Akapiga magoti sakafuni, yote mawili kwa pamoja, kishindo kikatikisa vijiko. Akasimama bila kugusa meza. "Hicho tu," akasema. Nikamwandikia namba ya simu kwenye karatasi ya mkate. Kama aliipiga, hawajaniambia, wote wawili.

Ila nami nimeharibika. Mikokoteni ya nguo chafu hupita mbele ya mlango wa jiko, na kila ikipita natafuta nguo zenye namba ya Mabry, nainua suruali, naangalia. Jumamosi asubuhi simu inalia kabla sijavaa aproni.

"Matope?" anauliza Sobczak, hata salamu hakuna.

"Pande zote mbili."

"Sawasawa?"

"La kushoto yalipungua kidogo."

Nasikia hatua zake, anakwenda na kurudi kwenye sakafu yake mwenyewe.

"Kidogo kiasi gani, Irma?"