Jembe la Mama Godelieve Juu Darini

"Mama Godelieve, tangu asubuhi unatafuta nini?"

Agathe, jirani yake hapa kijijini Bihambwe, aliuliza hivyo akiwa ameinama kwenye shamba lake la viazi, wala hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amemwona Godelieve akitoka mlangoni, akizunguka nyumba, akiingia, akitoka tena, mguu wa kuume ukichora mstari kwenye vumbi. Godelieve akajibu kwamba hatafuti kitu. Kisha akaingia ndani, akashika kifuniko cha chungu, akakirudisha, akatoka tena.

Hakuna kilichokuwa kimepotea. Jembe lake lilikuwapo, na kila mtu alijua lilipo: juu darini, bila mpini, katikati ya mahindi yaliyotundikwa yakauke.

Mwanamke huyu alizaliwa Itebero, kule msituni Walikale, na tangu utoto hakujua kukaa. Wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, angali msichana, watu walipolazimishwa kuwabebea askari chakula, alitembea siku nzima, kapu mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso. Léopold, katekista, alimwoa baadaye, akampandisha huku milimani. Huku njo alijifunza kulima maharagi. Léopold alipoitwa na Bwana, wanawake wa kilima kizima walikuwa wamezoea kumletea Godelieve mbegu azichanganye: nyeusi zinazovumilia mvua, za manjano zinazowahi kuiva, nyekundu kubwa zinazoshibisha. Kapu moja, rangi saba, kila rangi kwa kipimo ambacho mkono wake peke yake ulikijua.

Mwezi wa kwanza wa 1955 alianguka kwenye njia ya kisima. Alipopata fahamu, upande wa kuume ulikuwa umekufa ganzi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili hivi.

Watu wa nyumba walimpenda, na humo njo mulitoka shida. Katika ukoo wa Léopold, mtu akiangushwa na ugonjwa, jembe lake hutolewa mpini, linapumzishwa darini. Joséphine-Marie, mke wa mwanawe Floribert, ndiye aliyelipandisha, machozi yakimtoka. Jembe la namna hiyo hushuka pale tu mwenyewe anapoliomba kwa kinywa chake, mbele ya watu wa nyumba. Na akiliomba kisha likamshinda, hurudishwa juu na halishuki tena. Basi Godelieve hakuomba. Akishika ufagio, wanautoa mkononi kwa upole. Akikaribia jiko, wanamwambia apumzike. Mchana alisali rozari kwa mkono wa kushoto, na hata katikati ya Salamu Maria mguu wa kushoto, ule mzima, ulikuwa ukitikisika.

Msimu wa Machi Joséphine-Marie alichagua mbegu mwenyewe. Alichukua zile nyekundu kubwa tu, maana zilipendeza macho, na aliona vibaya kumsumbua mgonjwa kwa maswali. Mvua ya Aprili ikaziozesha zote. Nyumba ikala viazi mpaka ikachoka, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Mwezi wa saba Hubert, munganga wa dispensari, alipita kufundisha watu kuchemsha maji ya kunywa na kuchimba vyoo mbali na kisima. Halafu akawauliza akina mama, mmoja mmoja, siku yao hupitaje tangu kuamka. Waliongea mpaka wakachekana. Zamu ya Godelieve ilipofika, alisema anaamka, anakaa, basi.

Wengine walipoondoka, Hubert alibaki. Akaukunja ule mkono wa Godelieve uliokufa ganzi, akaukunjua. Akaomba rozari irudi mkono wa kuume, hata kama kila punje itachukua muda wake. Kisha akasema:

"Mama, ugonjwa ulikuangusha mara moja. Kukaa bure njo kunakuangusha kila siku. Mutoto, kazi yake iko kukomaa. Kijana, iko kujenga nyumba. Muntu wa miaka yako, kazi yake iko kuacha kitu mu mikono ya wengine. Wewe umemuachia Joséphine-Marie nini?"

"Wamenikataza kazi."

"Uliwaomba?"

Munganga akaongeza kwamba anaweza kulima akiwa amekaa chini, na hilo likamuudhi Godelieve. Mwanamke hulima ameinama. Anayekaa shambani ni mtoto anayechezea udongo.

Lakini kukaa nyumbani kulimshinda zaidi. Mwezi wa nane, wengine wakiwa shambani, alijikokota mpaka nyuma ya nyumba, akaketi juu ya jani la mgomba, akachimba kwa jembe kuukuu lililovunjika, mpini wake umebaki shubiri mbili. Mkono wa kuume ulishika vibaya, wa kushoto ukausaidia. Mstari mmoja ulimchukua siku nne. Akachota mbegu za rangi zote kwenye kibuyu chake cha zamani, akapanda, akamwomba Bikira Maria awafunge majirani midomo.

Wa Agathe haukufungwa.

"Eh, Mama Godelieve, umerudia utoto?" alimtania kutoka upande wa pili wa ua. Halafu akaziona zile mbegu, akasogea karibu. "Kumbe unachanganya tena. Unamuficha nani?"

"Naogopa haya. Nikiomba jembe, na linishinde, imekwisha."

Agathe akaupima ule mstari kwa nyayo zake, kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Mustari moja iko mustari," akasema, akarudi kwenye viazi vyake.

Mvua za Septemba zilipoanza, yalichipuka maharagi kumi na tisa. Mawili tu hayakuota. Godelieve aliyahesabu mara tatu kwa siku, kama vile yangeweza kutoroka.

Jumapili, baada ya sala, watu wa nyumba waliketi kula bugali. Joséphine-Marie alikuwa ameweka mbegu za kesho kwenye ungo, tayari: nyekundu kubwa tena, zinang'aa. Godelieve aliutazama ule ungo. Akasukuma sahani, akasimama akishikilia ukuta. Floribert akainuka ili amkalishe. Mama yake akamzuia kwa mkono wa kuume, uleule waliosema umekufa.

"Joséphine-Marie," akasema, "nishushie jembe yangu. Mupini muikate mufupi, nitalima nikikaa. Na kibuyu yangu ya mbegu uilete hapa, nikuonyeshe kuchanganya."