Tope Lisilojua Sabato

Simeon Orina alikuwa mlinzi wa tope. Usicheke, ilikuwa kazi ya mshahara. Pale Mbuta Bora, kiwanda cha minofu Homa Bay, maji ya samaki na ya vyoo vya wafanyakazi wote yalipita kwanza kwenye tangi la vijidudu walao uchafu, kisha yakatulizwa kwenye tangi la duara. Tope lilizama, maji meupe yakamwagika ukingoni kuelekea ziwani. Kila baada ya saa mbili Orina aliwasha pampu kulirudisha tope kwa vijidudu. Likilala chini mno hufanya mapovu, likapanda juu kama andazi, likamwagika ziwani.

Huko ziwani wanawake waliteka maji. Na mwaka ule wa 1998 kipindupindu kilikuwa kimeshazika watu. Orina aliota tope kila alipofumba macho.

Shida ilikuwa Jumamosi. Orina alikuwa Msabato wa Kisii, na amri ya nne inamkataza yeye na mtumishi wake kufanya kazi siku hiyo. Asiwashe, asiagize. Basi kila Ijumaa alimnong'oneza askari wa lango, Javan:

"Pampu ikilala sana huugua."

"Hiyo ni amri, mzee?"

"Ni habari tu."

Javan alicheka, akawasha. Mbingu na kiwanda vyote vikaridhika.

Jumamosi moja adhuhuri, Orina akitoka kanisani, alimkuta Javan barabarani katikati ya waombolezaji.

"Javan! Nani yuko kazini?"

"Maroa, yule askari mgeni wa Kehancha. Tangu jana jioni."

"Ulimwambia habari ya pampu?"

"Nilimwambia inaugua. Akasema ipone haraka."

Orina alikimbia kiwandani na suti yake, Biblia kwapani. Tangi lilikuwa likichemka mapovu. Mapande meusi, makubwa kama sinia, yalikuwa yakivuka ukingo.

"Maroa, washa pampu! Ni amri!"

Akateremka ufukweni. Wanawake watatu walikuwa wameinama na ndoo.

"Msichote! Mavi! Mavi, akina mama!"

"Haiya, Msabato ametukana!" Walicheka hadi ndoo zikayumba. Kisha wakaliona pande la kwanza likielea. Wawili wakamwaga maji.

Wa tatu, kidevu kingali kimelowa, hakucheka tena.

"Mimi nimeshakunywa, baba. Sasa?"

Orina alimshika mkono, wakashika njia ya hospitali.